Kidato cha pili wangu wanaanza kila sentensi kwa "Dodoma": nilichojaribu kikafeli, na kilichokubali

Mwl_Chakikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Nafundisha Kiingereza shule ya kata, nje kidogo ya jiji la Dodoma, upande wa mizabibu. Kidato cha pili ninacho kimoja, watoto 71, na wanaokaa watatu watatu kwenye dawati la wawili nimeacha kuwahesabu. Uzi ni mrefu. Asiye na muda ashuke moja kwa moja kwenye komenti.

Muhula uliopita niliwapa insha fupi kuhusu mji wetu. Nikakaa jioni na peni nyekundu, daftari la kwanza likasomeka hivi: "Dodoma is a city. Dodoma is the capital of Tanzania. Dodoma has grapes. Dodoma has the Parliament. Dodoma has a big sun."

Nilicheka hapo kwenye jua. Halafu nikatafuta kosa nisilione. Nomino ipo, kitenzi kipo, nukta ipo. Daftari la pili, Dodoma saba. La tatu, Dodoma tisa. Nilipofika la ishirini nilikuwa kama mtu anayesikiliza jirani akitwanga kinu kitupu usiku: hakuna anachokosea, ila hulali.

Kesho yake nikafanya kile ambacho wengi wetu tulifundishwa chuoni. Nikaandika ubaoni namna za kuanza sentensi: kwa kielezi, kwa kirai cha mahali au wakati, kwa kitenzi chenye -ing, kwa kishazi tegemezi. Yote kwa Kiingereza, na mistari nimepiga kwa rula. Wakanakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Insha iliyofuata: "Quickly, Dodoma is a city. Beautifully, Dodoma has grapes."

Wakuu, hapo sikucheka.

Kilichonisaidia ni ukuta. Darasa langu na la jirani yametenganishwa na ukuta usiofika juu, kwa hiyo mwenzangu wa Kiswahili akifundisha nasikia kila kitu. Siku hiyo nilikuwa nasahihisha, upande wa pili watoto walewale 71 wanauliziwa sentensi changamano. Mwalimu anasema, "Mvua iliponyesha, wakulima walifurahi. Kishazi tegemezi ni kipi?" Wanajibu kwa kelele, "Mvua iliponyesha!" "Kinaweza kusimama chenyewe?" "Hakiwezi!" "Kikienda mwisho maana inabadilika?" "Haibadiliki!"

Nikaweka peni chini. Mimi kwa wiki mbili nilikuwa nawauzia maji watu wenye kisima uani.

Kipindi kilichofuata niliingia bila rula. Nikaandika kisa ambacho kila mtoto wa huku amekisikia, cha jina la Dodoma: tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Niliandika kwa Kiingereza cha insha zao: "An elephant came to the stream. The elephant was thirsty. The elephant stepped into the mud. The elephant sank." Nikawaambia, nisimulieni kwa Kiswahili, lakini sentensi moja tu.

Kuna kijana wa nyuma, asubuhi huwa anauza maji kwa baiskeli kabla ya kuja shule, kwa hiyo kipindi cha kwanza ni chake cha kulala. Akasimama: "Tembo mwenye kiu alipokanyaga tope, alizama." Akakaa. Nikauliza, hiyo -po- kwa Kiingereza ni nani? Darasa zima: "When!" Tukapata "When the thirsty elephant stepped into the mud, it sank." Hakuna aliyekariri kitu.

Kuanzia hapo nikaanza kuona kwa nini wanaandika vile. Kiswahili kina -ka-. "Niliamka nikanawa nikanywa chai nikaenda shule" ni usimulizi safi, unakwenda kama maji kwenye mfereji, hamna anayechoka kusikia. Mtoto akiuhamisha kama ulivyo anapata "I woke up and I washed and I drank tea and I went to school." Kiingereza hakina -ka-. Kile kiambishi kidogo kilichokuwa kinaunganisha kazi yote kimebaki Kiswahilini, huku zimefika zile "I" peke yake, zimejipanga kama watu wa foleni ya bomba. Mtoto huyu ameacha gundi nyumbani, ndilo kosa lake, si uvivu wala ukilaza.

Kuna mengine yanayotoka hukohuko. "Ingawa" na "lakini" kwetu hukaa sentensi moja bila ugomvi. Ndiyo maana mtoto aliandika "Although the decision to move the capital was made in 1973, but Dodoma became a city in 2018." Historia yake sahihi, koma yake sahihi, ila Kiingereza hakitaki wote wawili: ukishaweka "although", "but" inakaa nyumbani. Nawaambia ni kama ndoa ya mke mmoja. Wanaelewa haraka, sijui kwa nini.

Na -ki- ina sura mbili. "Mvua ikinyesha tutapanda mtama" inadai "if" au "when", na kitenzi chake kinabaki "rains", si "will rain". Lakini "nilimwona akinywa maji" inadai "drinking". Kiambishi kimoja, milango miwili. Huku ambako mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka, sentensi ya mvua na mtama hakuna anayeisahau.

Sasa koma. Kwa kuwa hatuna projekta, na umeme nao una mambo yake, nimetengeneza mchezo wa kusimama. Mtoto mmoja anashika boksi lililoandikwa kishazi tegemezi, mwingine kishazi huru, wa tatu anashika kizibo cha soda. Huyo wa kizibo ndiye koma. Kishazi tegemezi kikisimama mbele, koma anaingia katikati. Vishazi vikibadilishana nafasi, tegemezi akaenda nyuma, koma anakaa chini. "When it rains, we plant." Kizibo kimesimama. "We plant when it rains." Kizibo kimekaa. Watoto wanapigia kelele koma aliyesahau kukaa utadhani wako uwanja wa Jamhuri.

Pale tuliponasa kweli ni kwenye -ing. Binti mmoja, mzuri sana darasani, aliandika: "Drinking water at the stream, the villagers saw the elephant." Nikauliza nani alikunywa maji. Wote: tembo! Nikawaambia Kiingereza kinasema waliokunywa ni wanakijiji. Wakakataa, wakanitazama kama nimewaibia.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa kwa nini wanakataa, na hii ndiyo sababu hasa ya kuleta uzi. Kwa Kiswahili, "akinywa maji kijitoni, wanakijiji walimwona tembo" sentensi imekaa kombo kidogo, lakini haipotezi mtu, kwa sababu ile a- ya "akinywa" ni ya mmoja. Wanakijiji wangekuwa "wakinywa". Kitenzi chetu kinatembea na kitambulisho cha mwenyewe. "Drinking" haina kitambulisho. Ni kitenzi yatima, kinamshika mkono yeyote anayekifuata. Akifuatwa na wanakijiji, basi baba yake ni wanakijiji.

Nikaandika ubaoni "Walking to school, a dog bit me." Kukawa kimya kidogo, halafu yule wa maji akauliza, "Mwalimu, huyo mbwa anasoma kidato cha ngapi?"

Siku hizi kila mtoto akianza na -ing, mwenzake anauliza "mtoto wa nani?", wanaangalia neno la kwanza baada ya koma. Ndiyo kanuni nzima.

Nawasilisha. Swali langu kwa walimu wenzangu: madaftari 71 mnasahihisha vipi bila kufa?

---

Mtata_wa_Nzuguni

Mwalimu nakuheshimu lakini nitasema ukweli. Unafundisha Kiingereza kwa Kiswahili halafu mnashangaa watoto kufika kidato cha nne hawawezi kuomba maji. Mtihani wa taifa hauji na -po- wala -ki-. Wanangu nimewapeleka shule ambayo ukikanyaga geti Kiswahili unakiacha kwa mlinzi.

---

Mwl_Chakikavu

Mtata, sikatai kuwa wanahitaji kukisikia Kiingereza, na kipindi changu kwa sehemu kubwa ni Kiingereza. Kiswahili nakitumia pale pa kufungulia kufuli, dakika kumi hivi. Mimi mwenyewe nilisoma shule ambako ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni hadi umpate mwenzako wa kumrithisha. Niliongea Kiingereza? Hapana. Nilijifunza kunyamaza.

Wanao wanaoacha Kiswahili kwa mlinzi, waombe wakuandikie aya moja kuhusu mnada wa Msalato. Hesabu sentensi ngapi zinaanza na "I" au "There". Uje utuambie.

---

Bibi_Mpwapwa

Mwanangu Chakikavu, hongera. Mimi ni mstaafu, ualimu nilisomea Mpwapwa, chaki nimeshika miaka 34. Nina mawili.

La kwanza, usiwatie watoto homa ya mianzo. Nimeyaona haya. Ukimwambia mtoto abadilishe mwanzo wa sentensi, atabadilisha kila sentensi, na insha itakuwa kama mtu aliyevaa kanga nne kwa pamoja. "Suddenly" itaingia hata mahali ambapo hakuna kilichotokea ghafla. Mwandishi mzuri wa Kiingereza sentensi zake nyingi bado zinaanza na kiima, mtu na alichofanya. Zile zinazoanza vingine anazitia pale anapotaka msomaji ajue kwanza lini, wapi au kwa nini. Mimi nilikuwa nawaambia: ukimtanguliza mtu, mtu ndiye habari, ukitanguliza mahali, unamwandaa msomaji. "In the mud lay a bucket." Hapo msomaji anaona tope kwanza, ndoo baadaye. Kama hutaki aone tope kwanza, usiitangulize.

Tena baada ya sentensi ndefu mpe fupi. Ile "it sank" yako ina nguvu kwa kuwa ni fupi.

La pili ni la Kiswahili, nimeona hukuligusa. Kwetu unaweza kusema "mwalimu alipofika" na pia "alipofika mwalimu". Kiima kinarudi nyuma ya kitenzi na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo wakifika kwenye zile za "Never have I seen", wasiambiwe ni muujiza wa Wazungu. Waambie kuna lugha nyingine nazo zinageuza kiti, ila kila moja ina siku yake ya kugeuza. Kwa hizo, Kiingereza kinageuza likitangulia neno la kukana, na kinachoruka mbele ni kile kitenzi kisaidizi tu, hapo "have", si kitenzi chote.

---

Mwl_Chakikavu

Shikamoo Bibi. Kanga nne nimeipokea. Nimeshaanza kuona dalili, leo kuna daftari lina "Suddenly, my grandmother is old."

---

Bibi_Mpwapwa

Marahaba. Huyo muache, na mimi ilinijia ghafla.

---

dogo_wa_chimwaga

Bibi umenichekesha nikiwa kwenye daladala.

Wakuu mimi nipo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa tatu. Mnaongelea kugeuza, acheni niseme kuhusu "No sooner had". O-level tulikaririshwa hiyo na "Hardly had" na "Not only" kama sala. Kila mtihani ipo: andika upya sentensi ukianza na neno tulilokupa. Nilikuwa napata zote. Lakini hakuna aliyeniambia mtu anazitumia lini. Nilipotafuta kazi ya likizo niliandika barua: "No sooner had I seen your advertisement than I wrote this letter." Meneja alinipigia mwenyewe, si kunipa kazi, alitaka kujua kama mimi ni mzee.

Nakubali mazoezi ya kuandika upya yanafundisha umbo. Ila sentensi moja moja, bila aya, ni kama kujifunza kuendesha pikipiki ikiwa imewekwa stendi. Mwalimu, hao watoto wape aya nzima waitengeneze, si sentensi kumi zisizojuana.

---

Mnyaturu_Safi

Chuo mwaka wa tatu na bado upo kwenye daladala. Not only... but also bado unapanda.

---

Ticha_Kwamtoro

Nimesoma yote. Mimi nipo wilaya ya Chemba, baadhi ya watoto wangu nyumbani wanaongea Kisandawe. Wasiokijua, si lugha ya Kibantu, ina zile sauti za kugonga ulimi. Kwa hiyo daraja lako la -po- na -ki- kwangu lina nguzo moja pungufu: watoto hawa Kiswahili chenyewe wamekikuta darasa la kwanza.

Nilichofanya, mwaka jana niliacha kuanza na lugha yoyote. Naanza na matukio. Natuma watoto wawili waigize: mmoja anafunga zizi, mwingine anatoroka na mbuzi. Vitu viwili vinatokea kwa pamoja. Nauliza kipi kilianza, kipi kiliingilia. Hapo ndipo "while" inapata kazi. "While he was closing the gate, the goat escaped." Nikiwauliza tena kwa lugha ya kwao, wana namna yao ya kulisema, mimi siijui, lakini wenyewe wanatazamana wanatikisa vichwa kwamba ipo. Inanitosha.

Kuhusu kusahihisha: usisahihishe yote. Waambie wapige mstari chini ya maneno matatu ya kwanza ya kila sentensi kabla ya kukusanya. Daftari unalitazama kwa sekunde kumi. Mistari yote ikisema "Dodoma has", unalirudisha bila kusoma, alitengeneze mwenyewe. Zinazobaki ndizo unasoma.

---

Mwl_Chakikavu

Ticha umeniokoa wikendi. Hiyo ya mistari naanza Jumatatu. Na ya zizi naiiba bila aibu, huku mbuzi tunao.

---

Mama_wa_Ilazo

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu kidato cha kwanza, sijui mwalimu wake anasoma humu. Jana kaja jikoni ananiambia "Having washed the dishes, can I go and play?" Nikamwangalia. Vyombo vipo palepale kwenye beseni.

Swali langu: hapo sarufi ni sahihi?

---

Bibi_Mpwapwa

Sarufi sahihi mama. "Having washed" inamshika "I", ambaye ni yeye. Uongo ndio wa kwake.

---

Mtata_wa_Nzuguni

Nimerudi. Nimempa mkubwa wangu aandike kuhusu mnada. Sentensi kumi na mbili. "There" nne, "I" saba.

Ya kumi na mbili inaanza na "Although", na ina "but".

Mwalimu, hicho kizibo cha soda ni cha aina yoyote?

---

Mwl_Chakikavu

Yoyote mkuu, hata cha maji. Kikubwa kionekane mpaka nyuma.

Mrejesho kwa wote, wiki tatu baadaye. Nilifanya alivyosema dogo wa UDOM, nikawapa aya nzima. Nikawaambia watengeneze upya ile insha ya mji wetu, wasiongeze habari mpya, wapange upya tu. Nanakili ya yule wa maji kama ilivyo, kosa lake nimeliacha:

"Although Dodoma is dry, it has grapes. When the train from Dar es Salaam arrives, people buy them at the road. I sell water. Before the sun is big, I finish two trips, and after finish I come to school. I sleep."

"After finish" tumeirekebisha ikawa "after finishing". "I sell water" na "I sleep" nilitaka kuziunganisha na jirani zake, peni ikawa tayari hewani. Nikakumbuka maneno ya Bibi kuhusu sentensi fupi, nikaziacha.

Jua kubwa pia nimeliacha.

Kuna tatizo moja limebaki na sijui nani wa kunisaidia. Yule binti anayeshika kizibo darasa zima sasa linamwita Koma. Jumamosi mama yake kanikuta mnadani, kanishika mkono mbele ya watu: "Mwalimu, mwanangu amekosa nini huko shuleni, mbona kila anapopita watoto wenzake wanamwambia koma?"